Mbegu Iliyokumbuka Kiu

Jumapili, 9 Februari 1997

Nimekasirika, na kwa kuwa humu nyumbani hakuna ninayeweza kumfokea bila kuvunja heshima ya mtu, nimechukua daftari la shule lisilo na mwenyewe nifokee humu.

Leo wakwe wametoka Ekerenyo kuja kumposa rasmi binti yangu Nyanchama. Wamekula, wameridhika, na harusi imepangwa Agosti shule zikifungwa. Eric ni kijana mzuri na jamaa zake wana adabu. Mpaka hapo ni raha tupu. Kisha nikaingia jikoni nikakuta chungu changu kikubwa kimelala ubavu, kitupu.

Niandike vizuri ili hata nikizeeka nielewe. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniachia kibuyu kimoja cha mbegu ya wimbi, yaani ulezi, ule mwekundu ambao sijauona kwa mtu mwingine. Mwaka jana niligawa mbegu hiyo. Sehemu moja nilipanda bondeni kando ya mto, nyingine mlimani nyuma ya nyumba, kwenye changarawe. Jua la mwaka jana halikuwa na huruma. Bondeni wimbi ulinenepa. Mlimani ulisota tu, ukatoa masuke ya kuhurumiwa. Nilivuna nikaweka kila upande katika chungu chake. Cha bondeni ndicho mbegu ya mwaka huu. Cha mlimani nilikiweka kwa ajili ya kuku.

Asubuhi nilienda Magwagwa kununua nyama, nikamwacha jikoni mkamwana wangu Esnah, mke wa kijana wetu Okemwa anayefanya kazi Nakuru. Esnah amelelewa mjini Kisii na hajamaliza mwaka kwetu. Wageni wakawahi kufika. Akaona vyungu viwili, kimoja kina punje za kupendeza, kingine kina vitu vilivyokonda. Kwa wageni wa heshima, nani asingechagua kizuri?

Aliyejua ni mmoja tu, mume wangu Manasseh, naye alikuwa uani na wakwe. Lakini Manasseh na chinsoni! Ile heshima yetu ya baba mkwe na mkamwana ameishika mpaka imemshika yeye. Hasogelei jiko Esnah akiwamo, na hakuweza kupaza sauti mbele ya wakwe kwamba wimbi ule usipikwe, wasije wakasema tunawanyima chakula. Basi akakohoa. Alimwona Esnah akipita na ungo, akakohoa. Akamwona akienda kwenye mashine ya kusaga, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Esnah, mtoto mwenye adabu, akamtengenezea chai ya tangawizi akampa shangazi wa Eric ampelekee.

Ugali ulikuwa mzuri ajabu. Nilikula nikaongeza kabla sijajua ninakula nini. Na huyo shangazi, Nyamoita, alipousifu, nilisimama mbele ya watu wote nikatangaza, "Siku ya harusi mtakula huu huu, wimbi wa mama yangu kutoka shamba langu. Mimi sinunui wimbi sokoni."

Nyamoita akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Tutaona, Mwalimu," akasema.

Sijamwambia Esnah neno. Nikimwambia atalia, na akilia nitamwambia na mengine.

Jumatatu, 10 Februari

Manasseh anasema tununue mbegu sokoni Daraja Mbili. Alikuwa bwana shamba wa serikali mpaka alipostaafu, na hajaacha kutoa mashauri, ila sasa amebaki na mkulima mmoja tu wa kumshauri.

"Mbegu ya mama yangu haiuzwi Daraja Mbili," nikamwambia.

"Basi panda ile ya kuku. Lakini usinilaumu. Punje ndogo hivyo itaotaje kwenye changarawe?"

Sina njia nyingine, nami najua. Bondeni mwaka huu ni zamu ya mahindi ya shemeji yangu, kwa hiyo ni mlimani tu. Nimemwendea jirani Mogaka, ambaye baada ya mavuno nilimpa kopo la mbegu ya bondeni. Ameshaipanda yote kwenye kipande chake kinachopakana na changu. Mogaka hupanda kabla ya mvua kila mwaka, kana kwamba ana mkataba na mawingu. Kwa hiyo mbegu nono ya mama yangu iko kwa Mogaka, na mimi nimebaki na ile iliyokonda. Isipoota, imekwisha.

Jumatano, 26 Februari

Mvua! Tumepanda wote, hata Manasseh, akiguna.

Jumamosi, 15 Machi

Baada ya kanisa nilipanda mlimani. Wa Mogaka umejaza shamba kwa kijani. Wangu unaonekana kama ndevu za mvulana. Mogaka alikuwa ameegemea ua wa katani, anatafuna mua.

"Mwalimu, unalima wimbi au unafuga nyasi?"

Nilimwambia atanyamaza mwezi wa saba. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko imani niliyokuwa nayo.

Jumapili, 30 Machi

Leo egesangio, kikundi chetu cha kulimiana, kilikuja kunipalilia. Wanawake wote mstari mmoja, vicheko kutoka juu mpaka chini. Kupalilia wimbi ni kazi ya macho, maana kuna gugu linalofanana nao kama pacha. Nikageuka nikamwona Esnah anang'oa wimbi na kuyaacha magugu, kwa bidii kubwa.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika Ekerenyo. Nilitegemea alie. Hakulia. Aliweka jembe chini, akaniangalia.

"Mama, Mogaka amenieleza nilichopika siku ile wageni walipokuja. Ulijua tangu jioni hiyo?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia! Tangu wakati huo unanijibu neno moja moja. Nilifikiri mboga zangu zina chumvi nyingi. Nikafikiri nimekosea salamu. Nimeenda mpaka kibanda cha simu Magwagwa kumpigia Okemwa nikilia, naye hajui kitu. Kumbe ni wimbi! Ungenigombeza siku ile, Mama, ningelia siku moja tu ikaisha."

Kisha mmoja wa wanawake akaanza kukohoa kama Manasseh, mstari wote ukaangua kicheko, na Esnah akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kisa kimeshazunguka kijiji.

Nilimshika mkono nikamwonyesha. Shina la gugu ni jeupe pale linapoingia udongoni. Wimbi wetu una wekundu kidogo, unauona ukiinama. Akaanza tena polepole, akigusa kila mche. Jioni alikuwa hakosei. Nampenda mtu anayenijibu, na sikujua kama huyu anajua kujibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nyanchama yuko nyumbani kwa likizo. Anasomea mimea chuoni, mwaka wa mwisho. Kabla hata hajanywa chai alitaka kuona wimbi, maana kisa kimeshafika Ekerenyo na Eric amemweleza yote. Alizunguka ule uliosota, akavuka akaangalia wa Mogaka, akarudi na macho yanang'aa.

"Mama, unajua ulicho nacho hapa?"

"Aibu," nikasema.

Baada ya chakula akatuketisha, mimi na baba yake. Akachukua kitabu changu cha nyimbo na chake, akaviweka mezani.

"Maneno ni yale yale, sivyo? Lakini Mama, chako umekunja kurasa za nyimbo unazozipenda. Ukikiachilia kinafunguka hapo hapo. Changu hakijakunjwa mahali popote. Mmea uliopigwa na jua haubadilishi maneno yaliyo ndani ya mbegu zake. Unakunja kurasa. Unaweka alama: hapa pa kuhifadhi maji, hapa pa kupeleka mizizi chini. Mara nyingi mbegu mpya ikijengwa, kurasa hunyooshwa zote. Lakini wako wanaosema kwamba mikunjo mingine hubaki, na mtoto anazaliwa kitabu chake kikiwa kimefunguka pale mama yake alipoteseka."

"Wanaosema hivyo ni akina nani?" Manasseh akauliza.

"Si wengi, Baba. Na wengine wanawacheka."

"Na mimi niko na hao wanaocheka. Nikiwa kazini nimekata mikia ya kondoo mwaka baada ya mwaka, na hakuna mwana-kondoo aliyewahi kuzaliwa bila mkia."

"Mkia umekatwa na kisu, Baba. Kondoo mwenyewe hakufanya kitu. Kiu ni tofauti, mmea wenyewe unaijibu kutoka ndani."

Manasseh akasema hiyo ni hadithi nzuri ya Sabato. Nami nikasema ningependa kuiamini, lakini shambani sioni kitabu, naona ndevu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeenda Kisii kuchukua kitambaa cha harusi dukani kwa Madhu. Namjua tangu tulipokuwa wasichana na baba yake ndiye aliyekaa kwenye kaunta. Nilimsimulia habari ya kurasa nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliniacha na vitambaa akanipandisha ngazi mpaka kwenye paa, ambako anapanda uwatu kwenye mikebe.

"Angalia, Mwalimu. Hii mikebe ya huku iko kwa kivuli, hii iko kwa mabati, jua inachoma mchana yote. Mimi naweka mbegu ya kila mkebe kando. Nikienda Mombasa kwa dada yangu, kijana anasahau kumwagia maji. Kila mara ile ya kivuli inakufa yote. Watoto wa ile ya mabati wanabaki."

"Na wewe unaeleza vipi?"

"Mimi naeleza nini? Mimi nauza vitambaa." Akacheka, akanikatia kipande cha ziada cha hariri ya waridi. "Nafikiri hiyo ingine imezoea kubembelezwa, basi."

Jumapili, 11 Mei

Mvua imekatika. Watu wanasema itarudi wiki ijayo.

Jumapili, 18 Mei

Haijarudi.

Jumapili, 25 Mei

Haijarudi. Darasani vumbi linaingia hadi kwenye chaki. Nyanchama alipanda basi usiku kucha kuja kuangalia wimbi, si kutuangalia sisi. Tumegombana vibaya, mimi na yeye, katikati ya shamba.

Mambo yako hivi. Wa Mogaka, ambao ulikuwa unanipita kiunoni, unakaa umetandaza majani asubuhi yote kama mtu aliyejilaza, na jua likifika utosini unaanguka. Jioni unainuka nusu. Wangu mfupi, saa nne asubuhi tu umeshajikunja majani kama mwanamke anayejifunga leso kabla ya safari. Jioni unayafungua. Kesho yake tena. Nimeuangalia wiki nzima na bado siamini.

"Mama, nakuomba usiumwagilie," Nyanchama akasema. "Hata profesa wangu hana bahati hii. Mbegu moja, mlima mmoja, mashamba yamepakana. Huyu mama yake alishiba, huyu mama yake alishinda na kiu. Uache tuone."

"Uone nini? Huu ni ugali wa harusi yako!"

"Najua, Mama."

"Na ni mbegu ya mwisho ya nyanya yako. Ikifa utaandika nini kwenye karatasi yako, kwamba uliitazama ikifa?"

Akaniangalia. Ana macho ya mama yangu, na hilo liliniuma zaidi. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Basi mwagilia."

"Kwa maji yapi, kwa mate? Mto uko chini kule, mlima uko juu huku, nami nina darasa la saba na la nane."

Tukajikuta tunacheka huku tumekasirika, jambo ambalo katika nyumba yetu hutokea mara nyingi. Amerudi chuoni. Nimeomba mvua kwa maneno ambayo pengine hayafai kuombewa.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimeamka alfajiri kwa sababu ya mbwa. Nikaona kivuli kinapanda mlima na mzigo. Nikasema mwizi, nikashika mwiko, nikafuata. Alikuwa mume wangu, mtungi wa maji begani, anahema.

"Manasseh!"

Akashtuka hata maji yakamwagika viatuni. "Nanyoosha miguu," akasema.

"Na mtungi nao unanyoosha miguu?"

Akauweka chini. Huyu ndiye mtu aliyesema punje ile haitaota. Alitazama kando akasema, "Nilipokuja kukuposa, mama yako alinipikia wimbi huu. Nilikuwa na njaa ya kutoka kazini Ekerenyo kwa miguu na nilikuwa naogopa. Sijasahau ule ugali. Sitaki ufe mikononi mwetu."

Tumeoana miaka mingi na hajawahi kuniambia hivyo. Nikamwuliza, "Kwa nini unakuja gizani kama mchawi?"

"Jioni siwezi. Jioni mkamwana huwa huku."

"Esnah? Anafanya nini?"

"Anamwagilia. Nimeona nyayo zake na alama ya mtungi. Nikimkuta huku peke yake shambani ni vibaya, kwa hiyo mimi ninakuja asubuhi."

Nilikaa kwenye changarawe nikacheka mpaka tumbo likauma. Wawili hawa wamekuwa wakipishana mlima huu mmoja tangu nigombane na Nyanchama, mmoja alfajiri, mwingine machweo, kila mmoja anadhani mwenzake hajui, wala hawezi kumwuliza. Na kwa kuwa wote wawili huchoka kabla ya kufika juu, wote wamekuwa wakimwaga maji mahali pamoja, ule ukanda wa chini kando ya njia. Ukanda umeng'aa kijani mpaka nilidhani ni muujiza. Sehemu ya juu haijapata tone.

Ijumaa, 6 Juni

Mgongo wa Manasseh umegoma. Nimemkataza yeye, na Esnah nimemwambia mto umepungua, maji tuwaachie ng'ombe. Esnah alipojua kwamba baba mkwe alikuwa anachota pia, aliziba uso kwa mikono miwili kwa aibu na furaha.

"Baba amebeba mtungi? Yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe, na mgongo wake huo."

Amempikia supu ya chinsaga, mboga yetu ya mgagani. Safari hii niliipeleka mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetoka mlimani sasa hivi na lazima niandike kabla ya chakula.

Ukanda wa chini, ule uliomwagiliwa, umelala. Umelala kabisa, kama wa Mogaka. Majani yametandazwa, yanangoja maji kama watoto wanaongoja kulishwa. Hatua chache juu yake, mbegu ile ile niliyoitupa kwa mkono huu siku ile ile, haijapata tone tangu mvua ikatike mwezi wa tano, na imesimama. Imejikunja asubuhi, jioni imejifungua. Masuke yameanza kuchungulia.

Nilimwita Manasseh. Alipanda kwa fimbo. Alizunguka juu, akazunguka chini, akachuchumaa ingawa mgongo unamuuma, akafukua kwa kidole pembeni ya mche mmoja wa chini. Mizizi imekaa juu juu. Akafukua wa juu. Kidole kilifika mwisho na mzizi bado unaendelea.

"Tumeudekeza," akasema polepole. "Tumeufundisha kusahau."

"Kwa hiyo umekubali ya Nyanchama?"

"Sijasema nimekubali. Nimesema nimeona."

Lakini siku hazimalizwi kwa kuona. Wimbi ukitoa masuke bila mvua utakuwa na makapi matupu, hata ukumbuke nini. Nimemwona Mogaka ameketi katikati ya shamba lake, hajasema mzaha. Nimemhurumia. Ni mbegu yangu pia ile.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua, mvua, mvua! Ilianza kipindi cha hesabu. Ilipiga mabati mpaka hakuna aliyesikia neno. Watoto wakaniangalia, nikawaambia wafunge vitabu. Tulisimama dirishani darasa zima tukiangalia uwanja unageuka matope, na mimi, mwalimu wao wa Kiswahili na mengineyo, nililia mbele yao wote na sikuona haya.

Nyumbani nilimkuta Esnah amesimama uani amelowa chapachapa, amefungua mikono.

"Mama, ingia ndani utapata homa!"

"Anza wewe kuingia."

Hakuna aliyeingia. Manasseh alitutazama kutoka mlangoni, akageuza kiti chake upande mwingine kwa ajili ya heshima, lakini nilimwona mabega yanatikisika kwa kicheko.

Jumapili, 13 Julai

Nyanchama amerudi, safari hii na kamba ya kupimia na mifuko ya karatasi. Ameng'oa michache kila upande, ameosha mizizi kwenye beseni langu la kukandia unga, amechora. Alipojua ukanda wa chini ulimwagiliwa na baba yake na wifi yake, nilifikiri atalia kwamba wamemharibia. Aliruka.

"Mmenifanyia jaribio la pili bila kuniuliza! Mama, huoni? Kurasa zilikuwa zimekunjwa. Nyinyi mkaanza kuzinyoosha!"

"Kwa hiyo ni kweli?" Esnah akauliza. Alikuwa amechuchumaa karibu naye, ameshika mche kwa namna nilivyomfundisha.

"Ni mlima mmoja na mwaka mmoja. Siwezi kuapa. Inawezekana ni changarawe, inawezekana Mogaka alipanda mapema mno. Lakini wifi, naona ninachoona."

Ninapenda kwamba hataki kuapa. Anayeapa haraka katika nyumba hii ni mimi.

Mogaka naye alikuja uani. Shamba lake limepona kwa sehemu, ingawa masuke mengi ni matupu. Alivua kofia.

"Mwalimu, mwaka ujao usinipe ile nzuri. Nipe ya kuku."

Jumatano, 6 Agosti

Tumevuna. Egesangio walikuja wote na visu vidogo, tukakata suke moja moja, tukiimba. Masuke si makubwa, ila yamejaa mpaka ukiyabana kiganjani yanakwaruza. Tumeanika, tumepura, tumepepeta, na rundo lilipozidi kukua kwenye mkeka nilimwona Manasseh akilizunguka mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua mashamba ya watu zamani. Ugali wa harusi upo. Upo na kubaki.

Jumapili, 24 Agosti

Nimechoka na miguu imevimba, lakini siwezi kulala bila kuandika hili.

Nyanchama aling'aa katika hariri ya Madhu. Madhu mwenyewe alikuja na familia yake, akala ugali kwa mkono vizuri kuliko mimi. Ugali ulikuwa mweusi wenye wekundu, mgumu kama inavyotakiwa, na chinsaga na maziwa ya kuganda. Nilimpelekea Nyamoita mimi mwenyewe, nikasimama kando. Alimega, akabonyeza, akatia kinywani, akafumba macho.

"Mwalimu, huu umetoka wapi?"

"Mlimani kwangu."

"Wimbi umestahimili jua lile?"

"Umestahimili."

Akamega tena. Kisha yule mwanamke wa tabasamu la upande mmoja akasimama, akanishika kiuno, tukacheza mbele ya watu mpaka vijana wakatupisha. Nilicheza sana. Niliwahi kudhani simpendi.

Jumanne, 26 Agosti

Nyanchama ameondoka na Eric jana. Kabla ya kuondoka alisimama jikoni akaniangalia nikichagua masuke ya mbegu.

"Mama, nipe na mimi kidogo. Ya juu na ya chini, tofauti."

Nikampa gao moja moja kwenye bahasha zake za karatasi, aende akapande kwenye vyungu vyake vya chuoni, apime. Lakini kibuyu cha mama yangu sikumpa, ingawa ni binti yangu wa pekee. Nilikuwa nimelifikiria tangu mvua ile. Mlima uko hapa. Nyanchama atakuwa anakuja kama mgeni, na mimi sitapanda changarawe ile miaka mingi tena.

Leo asubuhi nilikibeba mpaka nyumba ya Esnah. Alikuwa anafagia mlangoni. Nikakiweka mikononi mwake. Akakiona ni kipi, akarudi nyuma.

"Mama, hapana. Hiki ni cha Nyanchama."

"Hiki ni cha anayelima hapa."

Alikaa kwenye kizingiti nacho magotini. Alitia mkono ndani, akachota, akaachia punje zipite katikati ya vidole. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Humu umeweka ya juu, au na ile tuliyoimwagilia?"

"Nimechanganya zote mbili."

"Kwa nini? Si ya juu ndiyo inayojua kiu?"

"Na mwaka ujao ukiwa wa mvua? Na hiyo ya chini, imekumbuka kiu au imekumbuka mtungi wako?"

"Sasa ipi ndiyo ya kupanda mlimani, Mama?"

Miaka yote nikiwa mbele ya ubao sijawahi kumwachia mtoto swali bila jibu, hata pale ambapo jibu lenyewe nalitunga papo hapo.

"Sijui, Esnah," nikamwambia. "Panda wewe. Ukishajua, uje unifundishe."

Alinitazama kuona kama ninatania. Alipoona sitanii, aliinuka, akaburuta kigoda, akakitundika mwenyewe kibuyu jikoni kwake, juu ya moto, mahali moshi unapopita. Kisha akaniwekea chai, na nilikuwa na furaha kubwa hata nikashindwa kuimaliza.